Gango la Chuma na Jicho la Muuguzi

Barabara kuu itokayo Mombasa ikapita Nairobi, Naivasha na Gilgil, ikaingia Nakuru na kupanda hadi Mau Summit, kisha ikaendelea mpaka Uganda, ni neema na ni msiba kwa pamoja. Ni neema kwa sababu mahindi ya Rongai, viazi vya Molo, maziwa ya Njoro na shehena za bandarini hupita juu yake usiku na mchana. Ni msiba kwa sababu mteremko wa kutoka Mau Summit kushukia Sachangwan, Migaa na Salgaa umepoteza roho nyingi, na majina ya vituo hivyo yamekwisha kuzoeleka katika taarifa za habari kwa sababu ambayo hakuna mwenyeji wa huko angeitaka. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori zilipogongana hapo Migaa, watu 36 walifariki. Na mwishoni mwa Juni 2023, katika makutano ya Londiani, lori lililoacha njia liliangamiza watu zaidi ya 50, wengi wao wakiwa kando ya barabara wakichuma riziki zao au wakingojea magari. Wafu huombolezwa na kuzikwa. Majeruhi hutoweka katika habari siku ya pili yake, ilhali safari yao ndiyo kwanza inaanza. Na miongoni mwao wako ambao miezi miwili au mitatu ya maisha yao itapita juu ya kitanda kimoja, mguu ukiwa umeinuliwa juu ya chombo cha chuma ambacho jamaa zao hukitazama kila wajapo kuwajulia hali, wasielezwe kinafanya kazi gani.

Makala hii ni maelezo ya chombo hicho. Matabibu hukiita fremu ya Braun, au fremu ya Böhler na Braun, kwa majina ya mastadi wawili tutakaowataja mbele. Wagonjwa na jamaa zao husema tu kwamba fulani amewekwa traksheni, yaani mguu wake unavutwa. Chombo hiki chastahili sifa, lakini sifa yenyewe ina sharti lake. Chuma hakiungi mfupa. Mfupa hujiunga wenyewe kwa kudura ya Mwenyezi Mungu aliyeuumba, na kazi ya chuma ni kuuweka mahali pake mpaka kudura hiyo itimie; na madhali mguu wa mgonjwa hubadilika siku hata siku, chuma nacho hakina budi kubadilishwa kuufuata, na wa kukibadilisha ni mwanadamu mwenye jicho la kuona na mkono wa kupima.

Umbo la chombo

Mtu aliyesimama kando ya kitanda huona kwanza mabomba mawili membamba ya chuma, moja kila upande wa mguu, yakishikamana chini kwa vyuma vya kukingama ili yasitawanyike. Kutoka upande wa nyonga mabomba hayo hupanda kwa mwinamo mpaka chini ya goti, halafu hukunjika yakaenda karibu sawa na godoro mpaka nyuma ya kisigino; kwa hiyo paja hulala juu ya kipande kinachopanda, goti hukunjika juu ya kilele, na muundi hupumzika juu ya kipande cha pili. Baina ya mabomba hupitishwa bendeji pana, zamu baada ya zamu, mpaka zikawa kama kamba za kitanda cha kusukwa, na mguu ukalala juu yake bila ya kugusa chuma. Pale kisigino kinapofikia, bendeji hukomeshwa kabla, ili kisigino kibaki hewani, kwa maana ngozi ya mahali hapo ikigandamizwa kwa siku chache tu huchubuka ikawa kidonda, na kidonda cha kisigino ni kigumu kupona kuliko wengi wanavyodhani.

Mbele ya wayo, mwishoni mwa fremu, husimama vyuma vinavyobeba roda. Juu ya roda hupita kamba; ncha yake moja imeshikwa na upinde wa chuma uliokamata pini iliyopenyezwa katika mfupa wa muundi, chini kidogo ya goti, na ncha ya pili huning'iniza mawe ya uzani nje ya ukingo wa kitanda. Pini hiyo huwatisha watu wanaoiona kwa mara ya kwanza, kwani huingia upande mmoja wa mguu ikatokea upande wa pili. Hupitishwa chini ya dawa ya ganzi, tena tabibu huiingiza kutoka upande wa nje kwenda wa ndani kwa makusudi, ili apate kuukwepa mshipa wa fahamu unaopita upande ule wa nje. Ikikwisha kukaa mahali pake, wagonjwa wengi husema kwamba haiwasumbui sana, na kwamba faraja waliyoipata mguu ulipoanza kuvutwa imewasahaulisha hofu yao.

Fremu za zamani zilikuwa na ila moja kubwa. Zilitengenezwa kwa kipimo kimoja, ikatarajiwa kwamba mrefu na mfupi, mnene na mwembamba, watalala juu ya chuma kile kile. Kilele cha fremu kisipokuwa chini ya goti hasa, hugandamiza paja au muundi. Na roda zikiwa zimechomelewa mahali pamoja, mvuto huenda upande utakao roda, wala si upande uutakao mfupa. Ndipo mafundi wakayakata mabomba na kuyapachika moja ndani ya jingine, yapate kurefushwa na kufupishwa, yakazwe kwa nati zenye masikio ambazo muuguzi huzizungusha kwa vidole pasipo spana. Wakatia bawaba chini ya goti ili mkunjo upandishwe au ushushwe. Wakaziweka roda juu ya vyuma vya kutelezesha ili zisogezwe juu na chini, ndani na nje. Urefu, mkunjo na upande wa mvuto: mambo hayo matatu ndiyo yanayoitofautisha fremu yenye kurekebishwa na ile iliyotangulia, na sababu za kuyahitaji zimo ndani ya paja lenyewe.

Kwa nini mguu uvutwe

Mfupa wa paja ni mrefu na imara kuliko mifupa yote ya mwili, nao umezungukwa na misuli yenye nguvu nyingi. Mfupa huo ukivunjika, misuli haijui kwamba nguzo yake imekatika; huendelea kujikaza, na maumivu huizidishia kujikaza, mpaka vipande viwili vikapandana na mguu ukafupika kwa sentimita kadhaa. Wakati huo huo damu huvuja ndani ya paja, na mtu mzima aweza kupoteza lita moja na zaidi bila ya tone moja kuonekana nje. Kwa hiyo mguu kuwekwa sawa na kuvutwa mapema ni jambo la kuokoa maisha kabla ya kuwa jambo la kuokoa mwendo.

Tena misuli haivuti vipande vyote upande mmoja. Kipande cha juu huinuliwa mbele na kupelekwa nje na misuli itokayo kiunoni na kwenye nyonga. Kipande cha chini huvutwa ndani na misuli ya paja, na mara nyingine huinamishwa nyuma na misuli ya shavu la mguu. Tabibu hawezi kukishika kipande cha juu akakishusha, maana kimefunikwa na nyama nzito pande zote. Analoliweza ni kukiinua cha chini na kukipeleka kilipo cha juu. Hiyo ndiyo maana ya mwinamo wa fremu: paja huinuliwa kukifuata kipande kilichoinuka, na goti hukunjwa ili misuli ya shavu la mguu ilegee na kuacha kuvuta. Mfupa uliovunjika karibu na nyonga hutaka mwinamo mkubwa, uliovunjika katikati hutaka mdogo, na uliovunjika karibu na goti una mahitaji yake mbali. Fremu isiyobadilika huwapa wote watatu jibu moja, na jibu moja kwa maswali matatu halikosi kuwaonea wawili.

Uzani nao una kanuni yake. Pini ikiwa imepita mfupani, mtu mzima aghalabu huanzia sehemu ya kumi ya uzito wa mwili wake, na huweza kufikia sehemu ya saba. Yaani mtu wa kilo 70 atavutwa kwa kilo 7 mpaka 10. Pale ambapo mvuto hushikizwa kwenye ngozi kwa plasta na bendeji, kama ifanyikavyo kwa watoto au kwa siku chache za kungojea upasuaji, haifai kuzidi kilo 5 hivi, kwani ngozi huchunika. Na kila mvuto wataka kinyume chake: miguu ya kitanda upande wa nyayo huinuliwa juu ya matofali au vipande vya mbao, ili mwili wa mgonjwa, kwa uzito wake wenyewe, uvutike kuelekea kichwani. Jamaa anayeona kitanda kimeinama hivyo akadhani ni kibovu, akaomba kisawazishwe, huwa ameomba nusu ya dawa iondolewe.

Mastadi walioifikisha hapa

Elimu hii haikuzuka siku moja. Wa kwanza wa kutajwa ni Percivall Pott, tabibu mpasuaji wa London. Mwezi wa Januari 1756, kama alivyosimulia mkwewe James Earle, Pott aliangushwa na farasi, mguu ukavunjika hata mfupa ukatokeza nje ya ngozi. Akijua vema hatari ya kunyanyuliwa ovyo, alikataa kuguswa na mtu, akabaki amelala chini katika baridi. Akatuma waitwe wachukuzi wa viti vya kubebea watu, waje na miti yao, na walipokuwa wakija akanunua mlango wa nyumba, akaamuru miti ile ipigiliwe misumari kwenye mlango, akalazwa juu yake na kupelekwa kwake polepole. Matabibu wenzake walikuwa wamekwisha kuafikiana kuukata mguu, na vyombo vimeandaliwa, alipoingia mwalimu wake wa zamani Edward Nourse akaona kwamba yamkini mguu huo utaokoka. Ukaokoka. Pott aliishi miaka mingine 32, na katika mafundisho yake alisisitiza kwamba mguu uliovunjika ulazwe umekunjwa, kwa sababu misuli iliyolegea haivuti mifupa.

Wa pili ni Hugh Owen Thomas, aliyezaliwa mwaka 1834 katika kisiwa cha Anglesey, nchi ya Wales, katika ukoo wa waunga mifupa wa jadi. Baba yake alikuwa na ujuzi wa mikono asiokuwa na cheti. Mwana akasomea utabibu, akafungua zahanati mjini Liverpool kwa ajili ya mabaharia, makuli wa gatini na maskini wengine, ambao siku za Jumapili aliwatibu bure. Ndani ya zahanati hiyo palikuwa na karakana ya mhunzi na fundi wa ngozi, waliomtengenezea magango kwa kipimo cha kila mgonjwa. Gango linaloitwa kwa jina lake, pete ya ngozi inayokaa kwenye kinena na vyuma viwili vinavyoshuka kandokando ya mguu mpaka kupita wayo, alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1875, naye alilikusudia kwa maradhi ya goti. Alifariki mwaka 1891, wenzake wengi wakiwa bado hawajalipa thamani yake.

Aliyelipa thamani hiyo ni Robert Jones, kijana wa jamaa ya mkewe, aliyejifunza kazi nyumbani kwake. Katika Vita Vikuu vya Kwanza Jones alihimiza gango lile litiwe mikononi mwa wabebaji wa majeruhi, lifungwe karibu na mstari wa mapigano kabla mtu hajapakiwa garini. Vitabu vya tiba hunukuu kwamba mwanzoni mwa vita askari 80 katika kila 100 waliovunjwa paja kwa risasi walikufa, na kwamba katika mapigano ya Arras mwaka 1917 waliokufa walikuwa takriban 16 katika 100. Hata tukikumbuka kwamba hesabu za vita hukusanywa katika ghasia, na kwamba mambo mengine ya tiba yalikuwa yamekwisha kuboreka, tofauti hiyo ni ya kustaajabisha kwa kitu ambacho fundi yeyote wa chuma aweza kukitengeneza.

Mwaka 1907 Fritz Steinmann wa Uswisi akaeleza njia ya kuvuta mguu kwa pini iliyopita mfupani. Heinrich Braun, Mjerumani aliyefahamika zaidi kwa elimu ya dawa ya ganzi, akatoa fremu ya kuulaza mguu uliokunjwa. Na Lorenz Böhler, aliyefungua hospitali ya majeruhi wa ajali mjini Vienna mwaka 1925, akaikamilisha na kuieneza duniani kwa kitabu chake cha mwaka 1929. Böhler alifundisha mambo matatu kwa kufuatana: mfupa urudishwe mahali pake, ushikwe hapo bila ya kukatizwa, na viungo vyote visivyohitaji kushikwa vifanyishwe kazi tangu siku za mwanzo. La tatu ndilo lisahauliwalo upesi, na ndilo linalomrudisha mtu kazini.

Kazi ya kila siku

Tuseme kijana wa bodaboda amegongwa na gari karibu na njia panda ya Njoro, amefika hospitali, pini imeingizwa na mguu umelazwa kwenye fremu. Asubuhi ya kila siku muuguzi hushika utepe wa kupimia, akaweka ncha yake juu ya mfupa uchomozao mbele ya nyonga, pale ufungwapo mkanda, akaunyoosha mpaka kwenye tindi ya ndani ya kifundo cha mguu, akafanya vivyo hivyo kwa mguu mzima, akalinganisha. Mguu mbovu ukiwa bado mfupi, vipande vimepandana na uzani haujatosha. Ukiwa mrefu kuliko mwenzake, uzani umezidi, vipande vimeachana, na baina yake pamebaki mwanya ambao mfupa utachelewa kuuziba au utashindwa kabisa. Eksirei huthibitisha uliyoyaonyesha utepe, lakini eksirei hupigwa mara kwa mara tu, na utepe hupatikana kila siku.

Baada ya wiki ya kwanza uvimbe hupungua, na paja lililokuwa limejaa fremu likawa jembamba; bendeji hulegea, goti likazama, na mwinamo uliopangwa kwa uangalifu ukapotea pasipo mtu kuugusa. Mgonjwa naye huteleza kuelekea miguuni pa kitanda, mpaka kilele cha fremu kikawa chini ya paja badala ya goti. Hapo ndipo nati zile zenye masikio zinapolipa gharama yake: bomba hurefushwa kidogo, bawaba hupandishwa, roda husogezwa, bendeji hukazwa upya, na mgonjwa husaidiwa kujivuta juu kwa kishikio kilichoning'inizwa juu ya kitanda. Kazi hiyo haichukui muda mrefu, lakini isipofanyika kwa siku kadhaa mfupa huanza kushikana kombo, na kombo lililoshikana husahihishwa kwa kuvunjwa tena.

Upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, unapita karibu kabisa na ngozi ule mshipa wa fahamu unaoamrisha wayo kuinuka. Mguu ukipinduka nje ukaegemea bomba, mshipa huo hubanwa, na mgonjwa akashindwa kuinua kidole gumba kuelekea usoni pake. Kipimo chake hakihitaji mashine yoyote: mwambie ainue kidole. Anayeweza leo na kesho asiweze, mguu wake na usogezwe mara hiyo hiyo, kwani mshipa uliobanwa kwa muda mrefu humwachia mtu wayo unaoburura maisha yake yote.

Jamaa za mgonjwa wana sehemu yao katika ulinzi huu. Mawe ya uzani yasinyanyuliwe, hata kwa huruma, hata kama mgonjwa anaomba apumzishwe dakika mbili; yasiwekwe juu ya kitanda wala yasiachwe yaguse sakafu; mkoba wa chakula usitundikwe kwenye kamba; mto usiongezwe chini ya mguu bila ya muuguzi kuulizwa. Mgonjwa na ahimizwe kuchezesha kifundo cha mguu, kukaza na kulegeza misuli ya paja, na kuvuta pumzi ndefu, maana kulala muda mrefu huleta damu kuganda mishipani, na damu iliyoganda ikisafiri hadi mapafuni huua. Maharage, mayai, maziwa, omena, mboga na matunda ni chakula cha mfupa. Sigara ni adui yake, kwani huchelewesha kuunga. Na maumivu yakizidi badala ya kupungua, mguu ukawa mgumu kwa kuvimba, na kunyoosha vidole kukamfanya mgonjwa apige kelele, aitwe tabibu wakati huo huo bila ya kungojea asubuhi: misuli iliyosongwa ndani ya utando wake hufa kwa saa, wala si kwa siku.

Kabla ya wodi, barabara

Robert Jones, kabla ya kuwasaidia askari, alikuwa amesaidia wachimbaji. Mwaka 1888 alipewa dhamana ya matibabu ya wafanyakazi wa mfereji wa meli wa Manchester, mradi wa kilomita 58 hivi, uliojaa maporomoko, garimoshi na mashine. Hakungojea majeruhi waletwe mjini. Aliweka hospitali tatu kandokando ya kazi, na baina yake vituo vya huduma ya kwanza vyenye watu waliofunzwa kufunga gango. Urefu wa mfereji ule ni takriban sawa na safari ya Nakuru hadi Mau Summit, nao ni umbali ambao watu wa hapa wanaujua kwa huzuni zake zote.

Katika mteremko wetu, wa kwanza kumfikia majeruhi huwa ni mchuuzi, dereva wa lori, au kijana wa bodaboda. Huruma yao haina shaka. Lililopungua ni maarifa. Mtu aliyevunjika paja hushikwa mikono na miguu, akakunjwa ndani ya kiti cha nyuma cha gari dogo, na kila tuta la barabarani likasukuma ncha za mfupa ndani ya nyama na mishipa ya damu. Yatoshayo kwa mtu asiye tabibu ni haya: damu inayotoka nje izuiwe kwa kitambaa kilichogandamizwa, mguu uliovunjika ufungwe pamoja na mguu mzima kwa kanga, mashuka au mikanda, pakitiwa nguo laini baina ya magoti na baina ya vifundo, ukipatikana ubao mrefu, ufungwe ubavuni kutoka kwapani mpaka kupita kisigino, majeruhi abebwe amelala juu ya kitu kigumu, hata ukiwa mlango, kama Pott alivyofanya, na vidole vya mguu viachwe wazi ili rangi na joto lake vitazamwe. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya na St John Ambulance hufundisha mambo haya, na siku moja ya mafunzo kwa chama cha bodaboda cha Salgaa au Molo yaweza kuwa na natija kubwa kuliko mashine ya thamani iliyofungiwa chumbani mjini.

Chuma cha ndani na chuma cha nje

Pengine msomaji atauliza: je, siku hizi watu hawawekewi vyuma ndani ya mfupa, wakatembea baada ya siku chache? Ndivyo, na ni jambo la kushukuriwa. Gerhard Küntscher, Mjerumani, alianza kutia chuma kirefu ndani ya uboho wa mfupa wa paja wakati wa Vita Vikuu vya Pili; na mwaka 1999 tabibu Mmarekani Lewis Zirkle aliasisi shirika la SIGN, linalozipa hospitali za nchi zisizo na uwezo vyuma vinavyoweza kufungwa bila ya mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Hospitali ya Tenwek kaunti ya Bomet na ile ya Kijabe, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, zimewasimamisha watu wengi kwa njia hiyo. Mtu mzima aliyevunjika paja akipata chuma cha ndani, kwa mpasuaji stadi na chumba kilicho safi, huwa amepata kilicho bora, kwani huepuka wiki sita mpaka kumi na mbili za kulala chali na madhara yake yote.

Hata hivyo fremu haijapoteza kazi yake. Wako wanaongojea zamu ya upasuaji, nao hawana budi kuvutwa wakati wa kungojea. Wako ambao shinikizo la damu, kidonda kilichooza au udhaifu wa moyo hauruhusu kisu. Wako watoto, ambao mifupa yao huunga upesi kiasi kwamba mvuto wa wiki chache na plasta baada yake hutosha. Na ziko ajali kubwa ambazo usiku mmoja huleta mapaja mengi kuliko wapasuaji waliopo. Fauka ya hayo, mguu uliokwisha kuvutwa vema humpunguzia mpasuaji kazi, na uliosahauliwa humzidishia.

Bado tunao pia waunga mifupa wa jadi katika vijiji vya Bonde la Ufa. Haifai kuwadharau, kwani mikono kama yao ndiyo iliyomlea Thomas. Lakini haifai pia kunyamazia madhara ya banzi lililokazwa mno, linalozuia damu mpaka mguu ukaoza na kukatwa. Mzee anayejua kuunga mkono wa mtoto na afunzwe kutazama kucha na vidole, na kumpeleka hospitali kila mwenye paja lililovunjika. Akifanya hivyo atakuwa ameihifadhi heshima ya kazi yake kuliko akishindana na tabibu.

Linalowezekana Nakuru

Mji wa Nakuru, uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, una kila kitu ambacho Thomas alikikusanya chini ya dari moja pale Liverpool. Una mafundi wa jua kali wanaokata na kuchomelea mabomba kutwa nzima. Una chuo cha ufundi cha Rift Valley National Polytechnic, ambacho wanafunzi wake wanajua kuchora bawaba na kupima roda. Una hospitali kuu ya rufaa, ambayo wazee wangali wakiiita PGH, yaani hospitali kuu ya mkoa. Una wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Egerton na wa uuguzi wa Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya (KMTC). Fremu yenye kurekebishwa haihitaji kuvuka bahari. Mabomba, boliti, nati, bawaba, roda na rangi ya kuzuia kutu vyote vinauzwa mjini, na fundi akipewa mchoro sahihi na tabibu wa kuukagua, aweza kutengeneza vipimo vya mtoto, vya kijana na vya mtu mzima, na kuvifanyia matengenezo vikiharibika, jambo ambalo kiwanda cha ng'ambo hakitalifanya.

Lakini fremu mia moja bila ya wauguzi wa kutosha ni vyuma mia moja tu. Serikali za kaunti, zilizokabidhiwa hospitali hizi tangu mwaka 2013, zikinunua au kuagiza fremu, na ziandike katika bajeti hiyo hiyo mshahara wa muuguzi atakayezitazama, utepe atakaopimia, na siku za mafunzo kwa watakaokuwa wa kwanza kumfikia majeruhi kule Salgaa, Migaa na Londiani. Mguu wa mtu hupita mikononi mwa watu wengi tangu lami hadi kitandani, na kila mmoja wao ameshika amana. Akiidondosha mmoja, ustadi wa waliosalia hupotea bure. Kijana aliyevunjika paja akiwa na umri wa miaka 22 ana miaka 40 ya kazi mbele yake, na wapo wanaomtegemea. Uangalizi wa wiki kumi ndio utakaoamua ataitembeaje miaka hiyo, na gharama yake, tukiipima kwa haki, ni ndogo kuliko gharama ya kumwacha akichechemea.